Uimarishaji hasi si adhabu: namna tabia ya mtoto inavyojengwa na kinachofuata

Maneno ya saikolojia yameingia kwenye mazungumzo ya malezi haraka kuliko maana zake. Mzazi mmoja anasema anatumia "uimarishaji hasi", akimaanisha kwamba anamchapa mtoto. Mwingine anakataa katakata kutoa zawadi kwa sababu, kwa maneno yake, huko ni kumhonga mtoto. Wa tatu alishauriwa ampuuze mtoto anayelia, akajaribu siku mbili, kilio kikazidi maradufu, akaapa kwamba hayo ni mambo ya vitabuni. Wote watatu wanazungumzia kanuni moja, na kila mmoja ameishika mahali pasipo mpini.

Kanuni yenyewe ni fupi: tabia huongezeka au hupungua kutegemea kinachofuata mara tu baada yake. Ugumu huanza pale mzazi anapodhani kwamba kilichofuata ni kile alichokusudia yeye, kumbe mtoto amepokea kitu kingine kabisa.

Paka ndani ya sanduku

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha utafiti wa paka aliowafungia ndani ya visanduku vya mbao, chakula kikiwa nje. Mlango ulifunguka paka alipovuta kamba au kukanyaga kibao fulani. Mara ya kwanza paka alikwaruza huku na huko, akang'ata, akajaribu kujipenyeza, hadi kwa bahati akagusa panapohusika. Aliporudishwa ndani, muda wa kutoka ulipungua, ukapungua tena, mpaka mwishowe akawa anaiendea kamba moja kwa moja. Hapakuwa na dakika ambayo paka alionekana kung'amua siri ya mlango. Vitendo visivyozaa kitu vilififia polepole, na kile kilichofungua mlango kikabaki. Thorndike aliita jambo hilo kanuni ya athari. Miaka 40 baadaye, mwaka 1938, mwanasaikolojia B. F. Skinner aliipanua kanuni hiyo kitabuni, na msamiati uliotokana na kazi yake ndio tunaoutumia hadi leo. Ndimo mkanganyiko ulimozaliwa.

Mtoto si paka. Ana lugha, ana aibu, ana mapenzi, anakumbuka ya juzi na kungojea ya kesho. Hata hivyo chini ya hayo yote kanuni hii huendelea kufanya kazi kimyakimya, kwa mtoto na kwa mzazi wake pia.

Maswali mawili, majibu manne

Ukitaka kujua kama tukio fulani ni uimarishaji au adhabu, jiulize maswali mawili tu. La kwanza: baada ya tabia, je, kuna kitu kimeongezwa au kimeondolewa? La pili: siku zinazofuata, je, tabia ile imeongezeka au imepungua?

Kikiongezwa kitu, tunasema "chanya". Kikiondolewa, tunasema "hasi". Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, basi. Maneno hayo hayasemi lolote kuhusu wema au ubaya. Tabia ikiongezeka, kilichotokea ni uimarishaji. Ikipungua, ni adhabu.

Mtoto ameokota vitu vyake, baba akamsifu, kesho akaokota tena: uimarishaji chanya. Mtoto amempiga mdogo wake, akafokewa, na kupiga kukapungua: adhabu chanya, ingawa hakuna chochote kizuri ndani yake. Mtoto ametupa kifaa cha kuchezea, kikaondolewa hadi jioni, na kutupa kukapungua: adhabu hasi. Linabaki la nne, linalowachanganya wengi. Gari hulia mlio wa kuudhi mpaka ufunge mkanda. Ukifunga, mlio unakoma, na kesho unafunga mapema zaidi. Kitu kibaya kimeondolewa, tabia imeongezeka. Huo ndio uimarishaji hasi. Ni nafuu inayokuja baada ya tendo, na fimbo haimo humo hata kidogo.

Angalia kwamba katika swali la pili hatukuuliza mzazi alinuia nini. Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote katika mada hii. Mzazi akifoka kila siku na tabia ikaongezeka kila siku, basi kufoka kwake si adhabu, hata kama sauti imemkauka. Kwa mtoto yule, kufokewa kumekuwa chakula.

Mtego wa watu wawili

Uimarishaji hasi ukieleweka, jambo moja linaloumiza nyumba nyingi hufunguka. Chukua mtoto wa miaka saba aliyeambiwa afanye kazi ya shule. Ananuna. Mama anarudia. Analalamika. Mama anapandisha sauti. Mtoto anatupa kalamu, anapiga kelele, anajitupa chini. Mama amechoka, ana mengine ya kufanya. Anasema, "Haya, acha, utafanya baadaye." Nyumba inatulia.

Nani amefundishwa nini? Mtoto amepiga kelele, na kazi asiyoitaka imeondolewa: kelele zimeimarishwa. Mama amekubali kushindwa, na kelele asizozitaka zimeondolewa: kukubali kumeimarishwa. Wote wawili wamepata nafuu kwa wakati mmoja, ndiyo maana mtego huu ni mgumu kuuona ukiwa ndani yake. Gerald Patterson, mtafiti aliyefanya kazi katika jimbo la Oregon, Marekani, alitumia miaka mingi kuangalia familia majumbani mwao na kurekodi mabishano ya namna hii, kisha akayaeleza katika kitabu cha mwaka 1982. Alichoonyesha ni kwamba mzunguko huu hupanda ngazi. Leo mtoto alipata nafuu kwa kununa. Mzazi akijikaza kidogo wiki ijayo, kununa hakutoshi tena, itabidi apige kelele. Mzazi akijikaza zaidi, itabidi avunje kitu. Bila kujua, mzazi anamfundisha mtoto kwamba nafuu inakuja kwenye ngazi ya juu zaidi.

Mzunguko huo una upande wa pili. Siku nyingine ni mzazi anayepandisha ngazi, anafoka mpaka mtoto anatii. Utii ule unamtuliza mzazi, kwa hiyo kufoka nako kunaimarishwa. Baada ya miezi michache, ndani ya nyumba ile hakuna anayesikilizwa kabla ya kupaza sauti.

Methali inasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi huitumia kutetea kiboko. Isome tena taratibu: inazungumzia kuchelea kilio, yaani kurudi nyuma kwa sababu mtoto analia. Huo ndio mtego wa Patterson. Habari ya kupiga haimo.

Kabla ya kurekebisha, andika

Tabia moja inaweza kuwa na sababu tofauti kwa watoto tofauti, na dawa ya mmoja ikawa sumu kwa mwenzake. Wataalamu wa tabia hupanga sababu hizo katika makundi manne: mtoto anataka kuangaliwa, anataka kupata kitu, anataka kukwepa kitu, au tendo lenyewe linaupa mwili wake raha au utulivu.

Mtoto anayepiga kelele mama anapozungumza na simu huenda anataka macho ya mama. Mtoto anayepiga kelele wakati wa hesabu huenda anaikimbia hesabu. Sasa mpe kila mmoja adhabu ileile ya kwenda kukaa chumbani peke yake. Wa kwanza amepoteza alichokuwa anakitafuta, na kelele zitapungua. Wa pili amepewa alichokuwa anakitafuta: ametolewa kwenye hesabu. Kesho ataanza kelele mapema zaidi, na mzazi atasema mtoto huyu ana kiburi, haogopi adhabu.

Njia ya kujua ni kuandika. Gawanya karatasi kwenye safu tatu: kabla, tabia, baada. Kila tukio linapotokea, jaza mstari mmoja mara tu mambo yakitulia. Kwenye "kabla" andika saa, mahali, nani alikuwepo na nini kilikuwa kimesemwa au kuombwa. Kwenye "tabia" andika kile ambacho kamera ingekiona: "alimrushia kaka yake kikombe", na usiandike "alileta jeuri". Kwenye "baada" andika ulichofanya wewe na walichofanya wengine, pamoja na kicheko cha bibi na ukimya wa baba. Fanya hivyo siku tano hadi saba bila kubadilisha chochote. Mara nyingi matukio kumi yanatosha kukuonyesha mwelekeo: yote ni kabla ya kulala, au yote ni pale mdogo wake anapobebwa, au yote huishia kwa yeye kupewa simu.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuandika jioni kwa kukumbuka; akili huchagua matukio makubwa na kuyaacha madogo yaliyotangulia. La pili ni kusahau safu ya tatu, kwa sababu mtu huona aibu kujiandika mwenyewe. Bila safu hiyo karatasi yote haina kazi.

Kwa nini kilio huzidi kabla ya kuisha

Sasa turudi kwa mzazi aliyepuuza siku mbili akakata tamaa. Bonyeza swichi ambayo huwasha taa kila siku. Leo haiwaki. Hutaondoka papo hapo. Utaibonyeza tena, mara tatu, kwa nguvu zaidi, pengine utaigonga. Kisha ndipo utaiacha. Mtoto ambaye kilio chake kilikuwa kinaleta matokeo hufanya vivyo hivyo matokeo yanapokatika: kilio hupanda kwanza, kinabadilika sura, pengine anaongeza kikohozi au maneno makali, halafu kinashuka. Kupanda huku ni dalili kwamba njia inafanya kazi. Mzazi anayelegea katika kilele chake amefanya jambo baya kuliko kama asingeanza kabisa, maana amelipa bei ya kilio kikali.

Mfano unaojulikana sana uliandikwa na C. D. Williams mwaka 1959. Mtoto wa kiume wa miezi 21 hivi, aliyekuwa ameugua sana kwa muda mrefu katika miezi yake ya kwanza 18, alikuwa amezoea mtu kukaa naye chumbani mpaka asinzie. Akiachwa alilia kwa hasira. Afya yake ilikuwa imerudi, kwa hiyo daktari na wazazi waliona ni salama kubadilisha mazoea. Alilazwa kwa utulivu na upole, mlango ukafungwa, hakurudiwa. Usiku wa kwanza alilia dakika 45. Kilio kikapungua, na kufikia mara ya kumi hakulia tena. Wiki moja hivi baadaye shangazi alimlaza, mtoto akalia kidogo, shangazi akarudi akakaa naye. Usiku mmoja huo ulitosha kurudisha kilio chote, na kazi ikabidi ianze upya. Mara ya pili nayo ilifaulu, na hakikurudi tena katika miaka miwili iliyofuata.

Shangazi yule hakufanya ubaya, alikuwa na huruma. Ila anatuonyesha kwa nini watu wote wanaomlea mtoto mmoja wanapaswa kukubaliana kabla ya kuanza. Kukataa mara tisa na kukubali mara ya kumi hujenga ung'ang'anizi zaidi kuliko kukubali kila mara. Skinner na mwenzake Charles Ferster waliichunguza hali hii kwa kina katika kazi yao ya mwaka 1957: tuzo inayokuja mara moja moja, bila mpangilio, hufanya tabia idumu muda mrefu sana hata tuzo ikishakatika. Mvuvi anaelewa. Hapati samaki kila anapotupa ndoano, kwa hiyo kukosa mara ishirini hakumwambii kwamba ziwa limekwisha. Mzazi anayesema "hapana, hapana, hapana, haya chukua" anamlea mvuvi.

Kupuuza kuna mipaka, na hapa ndipo ushauri wa mitaani huwa hatari. Kunafaa kwa tabia inayolishwa na kuangaliwa peke yake, isiyomdhuru mtu: kulalama, kuigiza, kukatiza mazungumzo, kutoa maneno ya kuudhi. Hakufai kwa kilio cha mtoto mchanga, ambaye hana lugha nyingine. Hakufai kwa mtoto mwenye hofu, njaa, homa au maumivu. Hakufai kwa kuuma na kurusha vitu vizito. Na hakufai kwa mtoto anayekwepa kazi, kwa kuwa kumpuuza ni kumwachia akwepe.

Tena, kupuuza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudia mtoto mara tu anapofanya kinyume chake. Akilalama, uso wako uwe mtulivu, macho yako yawe kwingine, usijibu. Akisema kwa sauti ya kawaida, hata sentensi moja, mgeukie ndani ya sekunde chache: "Sasa nakusikia vizuri, sema mwanangu." Mzazi anayepuuza mabaya na kupuuza mazuri pia anamfundisha mtoto kwamba nyumbani hakuna njia ya kuonekana, na mtoto ataitafuta kwa nguvu.

Sifa, tuzo na hongo

Hongo na tuzo hutofautiana kwa wakati. Mtoto anapiga kelele dukani, unamwambia, "Nyamaza nikupe pipi." Kelele zimetangulia, pipi imefuata, ulichonunua ni kelele za safari ijayo. Ukimwambia kabla ya kuingia kwamba akitembea kando yako mpaka mtoke atachagua mchezo wa jioni, makubaliano yametangulia na tuzo imefuata tendo zuri. Vitu vilivyotolewa vinaweza kufanana, funzo likawa tofauti kabisa.

Tuzo ya bei nafuu kuliko zote ni sifa, nayo huharibika kwa urahisi. Ina sehemu tatu: ije upesi, itaje tendo, isiwe na mkia. "Umemwachia mdogo wako zamu bila kuambiwa, vizuri sana" imetimia. "Mtoto mzuri" haimwambii afanye nini tena kesho. "Umefanya vizuri, laiti ungekuwa hivi kila siku" ina mkia, na mtoto hubaki na mkia. Kwa watoto wa shule ya msingi, Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba kusifiwa kwa akili huwafanya watoto wengi wakwepe maswali magumu baadaye, wakihofia kupoteza jina la kuwa na akili, ilhali waliosifiwa kwa juhudi walidumu zaidi baada ya kushindwa.

Je, ni kweli kwamba tuzo huua hamu? Wakati mwingine, ndiyo, na utafiti wenyewe unasema ni wakati gani. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichagua watoto wa shule ya awali waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Kundi la pili lilipewa cheti kwa ghafla baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliozawadiwa bila kutarajia hawakupoteza hamu. Kwa hiyo usimlipe mtoto kwa jambo analolipenda. Tumia tuzo kwa jambo ambalo hamu haijaota, kama kupiga mswaki, kisha ipunguze.

Jedwali la nyota, yaani karatasi ambayo mtoto huwekewa nyota kila anapotimiza lengo ili baadaye apate zawadi, hufeli kwa sababu zilezile karibu kila mahali. Lengo ni la mawinguni: "kuwa na adabu" haliwezi kuhesabiwa, "kuvaa viatu ndani ya dakika tano baada ya kuambiwa" linahesabika. Kiwango cha kuanzia ni kikubwa mno. Mtoto anayefanya siku mbili kati ya saba aanze kwa lengo la tatu. Zawadi iko mbali: mtoto wa miaka minne hawezi kungojea mwisho wa mwezi, anahitaji kitu siku hiyohiyo. Na kosa baya kuliko yote ni kufuta nyota zilizokwisha kupatikana kwa sababu ya kosa lingine. Akishaona kwamba jasho la asubuhi linaweza kufutwa jioni, ataacha kulitoa. Jedwali liwe la tabia moja au mbili, na likifanikiwa wiki mbili au tatu, anza kurefusha nafasi kati ya tuzo huku sifa ikibaki.

Kuna njia nyepesi zaidi iliyoelezwa na David Premack mwaka 1959: tendo analolipenda mtoto liwe mlango wa kutokea kwenye tendo asilolipenda. "Ukishavaa, tunatoka kucheza." Mpangilio ni huo huo siku zote, lisilopendwa kwanza. Wazazi wengi huugeuza: "Cheza kidogo halafu utavaa." Kwa mpangilio huo kuvaa kunakuwa adhabu ya kuacha mchezo.

Ahadi yoyote itakayotolewa itimizwe. Celeste Kidd na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio la watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya kupewa jaribio la kusubiri ili wapate peremende mbili badala ya moja, nusu yao walikutana na mtu mzima aliyetimiza alichoahidi, nusu wakakutana na asiyetimiza. Waliotimiziwa walisubiri wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi, dakika tatu hivi. Mtoto anayeonekana hana subira huenda amefanya hesabu sahihi kuhusu watu wanaomzunguka.

Kwa nini adhabu hutudanganya

Kumpiga mtoto hukatisha tabia papo hapo. Hapo ndipo uongo ulipo, maana anayeimarishwa kwa kuona matokeo ya haraka ni mzazi. Hupata nafuu sekunde ileile, na siku nyingine mkono hunyanyuka mapema zaidi.

Kwa mtoto mambo huenda hivi. Kwanza, adhabu humwambia asifanye nini, haimwambii afanye nini badala yake. Pengo hujazwa na tabia nyingine, mara nyingi uongo. Pili, hujifunza kutofanya mbele ya mwenye fimbo. Tatu, huzoea, na kilichomtisha mwezi uliopita hakimtishi leo, kwa hiyo ukali hupanda. Nne, hofu huhamia kwa mtu. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji, aliona mbwa wakitoa mate kwa ishara iliyozoea kutangulia chakula. Uso wa mzazi nao unaweza kuwa ishara. Ukitangulia maumivu mara nyingi, moyo wa mtoto utaenda mbio kwa kusikia mlango ukifunguliwa tu. Tano, mtoto huiga. Katika jaribio la Albert Bandura la mwaka 1961, lililohusisha watoto 72, wale waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa walimpiga wao pia, wakitumia hata maneno yake.

Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti kuhusu kuchapa zilizojumuisha watoto zaidi ya 160,000. Kuchapa kuliambatana na ukorofi zaidi, matatizo zaidi ya afya ya akili na uhusiano dhaifu na wazazi. Hawakukuta dalili ya manufaa. Najua wasomaji wengi watasema, "Mimi nilichapwa na nikakua." Ni kweli mlikua, na mlikuwa pia na watu waliowalisha, kuwasikiliza na kuwaamini, matokeo mema si lazima yatoke kwenye fimbo.

Hatua za kufuata badala yake huanza kabla ya kosa, kwenye amri yenyewe. Msogelee mtoto kwa umbali wa mkono. Taja jina lake, ngoja akuangalie. Toa agizo moja, la kufanya: "Weka viatu kwenye rafu," usiseme "Acha ovyo." Usilifanye swali kama hapana haikubaliki. Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi tano. Wazazi wengi hurudia agizo ndani ya sekunde mbili, na mtoto hujifunza kwamba agizo la kwanza halihesabiki. Akitii, mshukuru. Asipotii, rudia mara moja ukitaja matokeo, kisha tekeleza.

Matokeo yawe madogo, ya karibu na yanayohusiana: amerusha mpira ndani, mpira unakaa juu ya kabati mpaka jioni. Kunyang'anya kwa mwezi mzima kunamwondolea mtoto sababu ya kujitahidi katika siku 29 zilizobaki, na mzazi mwenyewe hataufikisha mwezi.

Kwa kupiga na kuuma, kutengwa kwa muda mfupi husaidia watoto wa miaka mitatu hivi hadi minane. Mweleze siku ambayo hakuna kosa, mfanye hata mazoezi. Likitokea, sema sentensi moja: "Umepiga, kaa hapa." Mahali pawe salama, pasiwe na giza, na pasiwe na vya kuchezea. Kipimo kinachotumika sana ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Hakuna haja ya kuzidisha. Usihubiri njiani wala ukiwa umesimama juu yake, kwa sababu mahubiri nayo ni kuangaliwa. Muda ukiisha na akiwa ametulia, kosa limekwisha. Tafuta jambo jema la kumsifu ndani ya dakika chache. Na kama alipiga ili akwepe kazi, arudi kwenye kazi ileile.

Yote haya yanachukulia kwamba mtoto anaweza kufanya anachoombwa. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukaa kimya saa nzima, na hakuna tuzo itakayoharakisha ubongo wake. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kujizuia huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Tabia iliyozuka ghafla, maneno yaliyokuwepo yakapotea, kujiumiza mwenyewe, au usingizi uliovurugika kwa wiki kadhaa ni mambo ya kupelekwa kwa daktari kwanza. Na mtoto anayeitwa mkaidi kwa sababu haitikii, simama nyuma yake asipokuona, mwite kwa sauti ya kawaida mara mbili tatu kwa siku tofauti. Asipogeuka, apimwe masikio kabla hujachora jedwali lolote.